Kuiandaa Oliver! bila jukwaa linalozunguka

Katika kikundi chetu cha maigizo ya ridhaa, kwenye mji mmoja mdogo kaskazini mwa Uingereza, mimi ndiye meneja wa jukwaa. Ndiye ninayekaa pembeni gizani na mswada mapajani, nikitoa ishara za taa, sauti na mandhari tangu wimbo wa kwanza hadi waigizaji wanapoinama mbele ya watazamaji. Majira haya tuliandaa Oliver!, tamthilia ya nyimbo ya Lionel Bart iliyotokana na riwaya ya Charles Dickens kuhusu Oliver, yatima wa nyumba ya maskini (makao ya kazi kwa mafukara) anayetorokea London na kuangukia mikononi mwa wezi. Watu huidhania nyepesi kwa sababu nyimbo zake zinajulikana na kila mtu, kumbe kuimba ndiko kulikotusumbua kidogo kuliko yote. Kilichotutoa jasho ni samani.

Bart, mtoto wa fundi cherehani wa Kiyahudi wa mashariki ya London, hakujua kusoma nota wala kuziandika, hivyo tuni zake zilitoka mdomoni na watu wengine wakaziweka kwenye karatasi. Onyesho lilifunguliwa London tarehe 30 Juni 1960, likachezwa mara 2,618. Sifa nyingi zilimwendea Bart, na ni haki yake, lakini kwa jicho la mtu wa kazi yangu nusu ya sifa hizo ni za Sean Kenny, mbunifu wa mandhari aliyekuwa amesomea usanifu wa majengo. Kenny alijenga ngazi na dari za mbao nzito juu ya jukwaa linalozunguka, akaziacha zigeuke mbele ya macho ya watazamaji bila pazia kufungwa, ili nyumba ya maskini iyeyuke iwe duka la majeneza, na duka nalo liwe mtaa wa London, muziki ukiendelea. Anayerithi nota za Bart bila kurithi mashine ya Kenny anarithi tatizo.

Ukumbi wetu hauna jukwaa la kuzunguka, na nafasi iliyopo pembeni humtosha mtu mmoja aliyebeba kiti. Mwongozaji wetu alianza na kuta za mbao zilizopakwa rangi vizuri sana. Katika mazoezi ya kwanza nilishika saa: kutoka duka la majeneza hadi soko la London, pale Oliver anapotoroka na kukutana na Dodger, kijana mwizi wa mifukoni, tulitumia dakika moja na sekunde 50, huku kiongozi wa muziki akirudia mapigo manne yaleyale hadi mpiga klarineti akaanza kucheka. Kuta zikarudi stoo siku ileile.

Badala yake tulibaki na meza tatu ndefu. Katika tukio la kwanza, ndani ya nyumba ya maskini, ni meza za uji. Bumble, ofisa wa nyumba ya maskini, anapomtembeza Oliver mtaani akimnadi, Bart ametupa zawadi, kwa kuwa wimbo huo huimbwa mbele kabisa kwenye mwanga mdogo, na nyuma yake vijana wangu wanalaza meza ubavu, upande wa chini uliopakwa rangi nyeusi ukionekana kama majeneza yaliyopangwa. Oliver akishatoroka, wachuuzi wenyewe wanaingia wakizisimamisha tena na kuzitandika mboga, kila mmoja akijua mguu upi wa meza ni wake. Tulishuka hadi sekunde 35. Baadaye meza hizohizo ndizo za kilabu cha pombe, na kwa kuwa Nancy, msichana wa genge la wezi, hupanda juu yake kuimba, kila jioni nilikaza boliti zake kwa mkono wangu mwenyewe, maana kazi hiyo sikuweza kumwachia mtu.

Bakuli za uji zilinifundisha somo jingine. Tulinunua za bati, zikapendeza kwa macho, lakini watoto 20 wakigonga vijiko kwa pamoja hatukusikia hata neno moja la wimbo. Tulibadili zikawa za mbao. Ndani hatukuweka chochote, kwani uji wa kweli ukimwagika jukwaani ni utelezi wa usiku kucha. Mtoto mwenye njaa anayekwangua bakuli tupu kwa bidii huaminika zaidi ya anayekula.

Kuhusu watoto, sheria ndiyo iliyopanga ratiba yetu. Hapa Uingereza mtoto asiyelipwa na asiyekosa shule anaweza kushiriki bila leseni ya halmashauri iwapo hatazidi siku nne katika miezi sita. Sisi tulionyesha siku tano, Jumanne hadi Jumamosi, kwa hiyo tuliunda timu mbili kamili, kila moja na Oliver na Dodger wake, zikipokezana. Juu ya hayo tulijiwekea kanuni ya maonyesho yenye leseni: mlezi mmoja aliyesajiliwa asizidishe watoto 12. Dodger mmoja alibalehe na sauti yake ikavunjika kati ya usaili wa Januari na onyesho la Mei. Tulimwacha aimbe kwa sauti yake ya kukwaruza, na kusema kweli alifaa kwa mchomozi wa mitaani kuliko mwenzake mwenye sauti ya malaika.

Fagin, mzee wa Kiyahudi anayewafunza watoto wizi, alitaka uangalifu wa namna nyingine. Katika riwaya Dickens humwita kwa kabila lake mara nyingi mno, na filamu ya riwaya hiyo ya 1948 ilimpachika pua ya bandia iliyoleta malalamiko hata ikachelewa kuonyeshwa Marekani hadi 1951. Bart alimfanya mcheshi mwenye wasiwasi, akamponya na kitanzi. Tulikubaliana mapema kwamba hapatakuwa na pua wala lafudhi ya dhihaka, kwani fidla iliyo ndani ya nota zake inatosha kueleza anakotoka.

Amebaki mbwa. Mhusika Sikes, muuaji wa Nancy, hutembea na mbwa wake, na mwanachama mmoja alituazima wa kwake, mnyama mpole kupita kiasi. Kila Sikes alipofoka, mbwa alitikisa mkia na kumlamba kiganja, ukumbi ukaangua kicheko mahali panapopaswa kuwa na hofu. Usiku wa tatu nikampa Sikes kamba tupu yenye ukosi, na nyuma ya mlango nikaweka rekodi ya mngurumo. Hakuna aliyecheka tena, na mbwa alimaliza wiki akilala miguuni pangu, juu ya waya za taa.