Herem: maana yake katika Biblia ya Kiebrania

Herem ni neno la Kiebrania linalotaja kitu, mnyama au mtu aliyetolewa kwa Mungu moja kwa moja, asirudi tena mikononi mwa binadamu. Mzizi wake, h-r-m, ni uleule wa Kiarabu uliotupa haramu na maharimu. Katika Mambo ya Walawi 27:28, shamba la herem haliuzwi wala halikombolewi. Hapo linakaribia sana wakfu wa watu wa pwani. Vitani neno huwa kali: kwa kuwa mateka hawezi kuwa mali ya mtu, anauawa, na nyara zinachomwa au kuingia hazina ya Bwana.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka makanisani hupitwa na jambo hili. Yoshua 6:17 inasema mji wa Yeriko utakuwa "wakfu kwa Bwana". Katika mstari wa 21, kitenzi cha mzizi huohuo kimekuwa "wakaangamiza kabisa". Neno ni moja. Mauaji yale yalihesabiwa kuwa sadaka, na hilo ndilo linalotisha.

Sheria yenyewe iko Kumbukumbu la Torati 20. Mji wa mbali huombwa amani kwanza, na ukikubali watu wake watatumikishwa. Kwa miji ya Wakanaani na majirani zao hakuachwi chenye pumzi, na sababu inatajwa: wasije wakawafundisha Waisraeli ibada zao. Mpaka unaolindwa ni wa utii kwa Mungu mmoja. Damu ya ukoo peke yake haitoshi kuuchora. Sura ya 13 inaamuru mji wa Waisraeli wenyewe ukifuata miungu mingine ufanyiwe herem vilevile.

Ndiyo maana Rahabu, kahaba wa Yeriko, anaokolewa na kukaa katikati ya Israeli, ilhali Akani wa kabila la Yuda anapigwa mawe. Akani alifukia hemani mwake nyara za Yeriko: joho la Babeli, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50, yaani zaidi ya kilo 2 za fedha na nusu kilo ya dhahabu. Aliiba peke yake, lakini Yoshua 7:11 inasema "Israeli wametenda dhambi", na watu kama 36 wasiohusika wanakufa mbele ya mji wa Ai. Herem huambukiza: akiigusa mmoja, taifa zima limekuwa herem.

Wengi husema ukatili huu ulizaliwa na imani ya Mungu mmoja. Jiwe la Mesha, lenye maandishi ya mfalme Mesha, lililopatikana Dhiban, Yordani, mwaka 1868, linawapinga. Mfalme huyo wa Moabu, karne ya 9 kabla ya Kristo, anajisifu kuua watu 7,000 wa Nebo kwa herem, akimtolea Ashtar-Kemoshi, mungu wa Wamoabu.

Usomaji wa hatari zaidi ni ule unaochukua masimulizi haya kama taarifa kamili ya vita, kisha kumtafuta Mkanaani wa leo, yaani adui wa kuangamizwa. Mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimba Yeriko mwaka 1952 hadi 1958 asipate mji wenye kuta wa wakati ambao wengi humweka Yoshua. Yoshua 16:10 yenyewe inakiri Wakanaani wa Gezeri hawakufukuzwa. Na Kumbukumbu la Torati 7, baada tu ya kuamuru waangamizwe, inakataza kuoana nao, katazo lenye maana pale tu majirani hao wanapokuwa hai.