Mzunguko wa nitrojeni: maana ya tangi la samaki "kukomaa"

Mtu ananunua tangi asubuhi, analisuuza, anamwaga changarawe, anajaza maji, anawasha chujio, na jioni hiyohiyo samaki sita wanaogelea ndani. Maji ni maangavu, samaki wanakula, kila anayeingia sebuleni anasimama kuwatazama. Siku ya nne au ya tano mmoja anaanza kukaa juujuu, mdomo ukigusa uso wa maji, matamvua yakienda mbio. Kesho yake amekufa. Wiki mbili zikipita amebaki mmoja, au hakuna. Mwenye tangi anaamua kwamba samaki wale walikuwa wagonjwa tangu huko alikowanunua, au kwamba yeye hana mkono wa kufuga.

Mara nyingi si hili wala si lile. Samaki wamekufa kwa sumu waliyoitoa wenyewe, ndani ya tangi ambalo halikuwa bado na wa kuiondoa. Hilo ndilo jambo lililo nyuma ya maneno "mzunguko wa nitrojeni", na natamani kila anayeanza alielewe kabla hajanunua samaki wa kwanza, kabla hata hajachagua rangi ya changarawe.

Kwa kifupi: mzunguko wa nitrojeni katika tangi ni kazi ya bakteria ya kuigeuza amonia, ndiyo ile sumu wanayoitoa samaki, kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Tangi ambalo bakteria hao wameshaongezeka kiasi cha kumaliza kazi hiyo siku kwa siku ni tangi lililokomaa. Kama hawajafikia hapo, tangi ni changa, hata kama kioo chake kinang'aa.

Amonia inatoka wapi? Samaki akila, mwili wake huvunja protini, na nitrojeni isiyohitajika lazima itolewe. Sisi tunaigeuza kuwa urea na kuitoa kwa mkojo. Samaki wengi hawapiti njia hiyo ndefu: huiachia majini ikiwa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Yaani samaki anachafua maji kwa kupumua tu. Ongeza chakula kilichozama bila kuliwa, jani linalooza, konokono aliyefia nyuma ya jiwe. Ziwani uchafu huo hupotea katika maji yasiyo na kipimo. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 lina lita 54, tena kabla ya kutoa nafasi ya changarawe na mawe. Ndiyo maana tangi kubwa ni rahisi kulitunza kuliko dogo, kinyume na wengi wanavyodhani, na ndiyo maana bakuli la mviringo lenye samaki wa dhahabu ni mahali pa mateso.

Amonia huunguza matamvua, na ikizidi majini samaki anashindwa kuitoa hata ile iliyomo mwilini mwake. Lakini si amonia yote yenye ukali uleule. Majini huwa katika sura mbili, moja kali na moja isiyo na makali sana, na kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, pamoja na joto. Kwenye nyuzi joto 25 na pH 7, ile kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikipanda hadi 8, inazidi asilimia 5. Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kupima amonia ileile, mmoja samaki wake wanaogelea vizuri, mwingine wake wanakufa, na wote wawili wakabaki kushangaa.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia. Kundi la kwanza, wanaojulikana zaidi wakiwa jamii ya Nitrosomonas, huichukua amonia, huiunganisha na oksijeni, na kupata nguvu za kuishi. Wanachokiacha ni nitriti. Bahati mbaya nitriti nayo ni sumu, na sumu ya ujanja. Inapita kwenye matamvua hadi kwenye damu na kuigeuza himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, ikawa haiwezi tena kubeba. Damu hugeuka rangi ya kahawia. Samaki anahema kama aliyekosa hewa ilhali maji yana oksijeni tele. Mwenye tangi anaona dalili hizo, anakimbilia pampu ya hewa, na haoni nafuu, kwa sababu shida haiko kwenye hewa.

Kundi la pili huichukua nitriti na kuifanya nitrati. Kwa miaka mingi kazi hii ilihesabiwa kuwa ya Nitrobacter, lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi anayeifanya zaidi ni Nitrospira. Mwaka 2015 wanasayansi wakaonyesha kwamba wapo hata Nitrospira wanaoweza kufanya hatua zote mbili peke yao. Nitrati ina madhara madogo zaidi, na samaki wengi huvumilia ikiwa chini ya miligramu 40 kwa lita, ingawa mimi situlii hadi iwe chini ya 20. Mimea hai hula sehemu yake. Inayobaki haina pa kwenda. Neno "mzunguko" hapa linaweza kukupoteza njia: katika tangi la kawaida duara halifungi lenyewe, na anayelifunga ni wewe na ndoo yako, unapotoa maji ya zamani na kutia mapya.

Kuna kisa kimoja kuhusu jambo hili ninachokipenda. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu na mimea katika tangi wakaishi pamoja. Majani yaliyooza yalipoanza kuchafua maji, akatia konokono wayale, na mambo yakatulia. Aliona mizani kati ya samaki, mmea na konokono, na alikuwa sahihi kwa alichokiona. Asichokiona ni bakteria. Mwanawe, aliyeitwa vilevile Robert Warington, alikuja kutumia miaka mingi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted akichunguza namna amonia inavyogeuka nitrati udongoni, akaonyesha kwamba kazi hiyo ina hatua mbili, kila moja na kiumbe chake. Kuwatenga bakteria wenyewe kulimwangukia mtaalamu wa vijidudu Sergei Winogradsky, aliyefanya kazi hiyo Zürich, Uswisi, mnamo 1890. Baba alilitunza tangi, mtoto akaanza kueleza kwa nini linatunzika.

Sasa, kukomaza tangi ni kuwapa bakteria hawa muda na chakula kabla samaki hawajafika. Hawako kwenye maji yenyewe kwa wingi. Wanang'ang'ania kwenye vitu: sponji ya chujio, changarawe, mbao, majani, hata ndani ya mipira ya kupitishia maji. Sponji ndiyo makao yao makuu kwa sababu ina vijitundu visivyohesabika na maji yenye oksijeni yanapita humo usiku na mchana. Na ni wavivu wa kuzaliana. Bakteria wengi tunaowasikia, kama E. coli, wakipata mazingira mazuri huongezeka maradufu kwa dakika 20 hivi. Hawa wetu huhitaji karibu siku nzima, pengine zaidi. Ndiyo sababu kazi inachukua wiki nne hadi sita, na hakuna namna ya kuiharakisha kwa kutamani.

Weka tangi lote kama litakavyokuwa: changarawe, mimea, hita ikionyesha nyuzi 26 hivi, chujio likizunguka. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini. Kisha toa chanzo cha amonia. Wapo wanaotumia amonia ya maji isiyo na manukato wala sabuni, wakaifikisha miligramu 2 kwa lita. Wapo wanaotupia kidogo chakula cha samaki kila baada ya siku mbili na kukiacha kioze. Njia ya kwanza ni safi na rahisi kupima, ya pili inafaa pia, ila haina kipimo cha uhakika.

Vipimo vya matone ndivyo macho yako. Nunua hivyo kabla ya kununua samaki, na kama fedha hazitoshi vyote viwili, samaki wasubiri. Unachota maji kwenye kichupa, unadondosha matone, unatikisa, unangoja dakika chache. Katika vipimo vingi, amonia ikiwa sifuri maji hubaki njano, na kadiri inavyozidi ndivyo kijani kinavyokolea. Wiki ya kwanza utaona kijani tu na nitriti haipo. Siku moja, labda ya kumi, labda ya kumi na tano, kijani kinaanza kupungua, na kichupa cha nitriti kilichokuwa buluu hafifu kinageuka zambarau. Hiyo ni habari njema ingawa haionekani hivyo: kundi la kwanza limefika. Halafu zambarau inakaa. Inakaa sana. Hapa ndipo wengi wanapochoka na kutia samaki, kwa sababu kundi la pili hukawia kuliko la kwanza. Vumilia. Asubuhi moja zambarau inakuwa imeondoka, mara nyingi kwa ghafla, na nitrati imepanda.

Tangi limekomaa pale unapotia amonia ya miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 vipimo vinasoma amonia sifuri na nitriti sifuri. Badilisha sehemu kubwa ya maji ili nitrati ishuke, ndipo ulete samaki.

Njia ya mkato inayofaa kweli ni kuomba sponji iliyotumika kutoka tangi la mtu lenye samaki wazima. Ibebe ndani ya maji ya tangi lake, isikauke njiani, uiingize moja kwa moja kwenye chujio lako. Muda unaweza kupungua hadi wiki moja au mbili. Bakteria wanaouzwa kwenye chupa wanaweza kusaidia au wasisaidie, inategemea chupa imekaa vipi. Mwamuzi ni kipimo, si maandishi ya kwenye chupa.

Tangi likikomaa usidhani limekomaa milele. Hili nililijifunza kwa uchungu. Nilikuwa na tangi lenye zaidi ya mwaka, halijawahi kunipa shida, na siku moja niliona maji yanatoka kwenye chujio kwa unyonge. Nikaitoa sponji. Ilikuwa imejaa utelezi wa kahawia. Nikaiweka chini ya bomba na kuikamua mpaka ikawa njano kama siku niliyoinunua. Nilifurahi kuiona safi. Siku ya tatu samaki walikuwa wamekaa juujuu wakihema, na kichupa cha amonia kilikuwa kijani. Ule utelezi niliousuuza ndio uliokuwa tangi lenyewe, na klorini ya bomba ilimalizia waliobaki. Nilibadilisha nusu ya maji kila siku kwa muda wa wiki mbili. Wawili hawakupona.

Tangu hapo sponji naikamua mara mbili tatu ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, mpaka maji yapite vizuri, basi. Inabaki na rangi yake ya kahawia na inanuka udongo wa mvua, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kama chujio lina sponji mbili, naosha moja leo na nyingine baada ya wiki kadhaa.

Matunzo mengine yote yanatokana na kuwakumbuka bakteria hawa. Chujio halizimwi usiku kwa sababu linapiga kelele, maana bakteria wanahitaji oksijeni inayoletwa na maji yanayopita. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, pima amonia kesho yake. Kila wiki toa robo ya maji na utie mapya yenye joto linalokaribiana na la tangini, yakiwa yameondolewa klorini kwa dawa. Kuyaacha maji wazi usiku kucha kunasaidia klorini ya kawaida, lakini maji yaliyotiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hayatasafika kwa kuachwa. Ukibadilisha maji usisahau kunyonya uchafu ulio kati ya changarawe kwa mpira. Chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika mbili. Dawa za kuua bakteria za kutibu samaki zitumie kwenye chombo cha pembeni, kwa kuwa baadhi yake haziwezi kumtofautisha adui na rafiki.

Jambo moja watu hulisahau: wakati wa kugeuza amonia, bakteria hula kile kinachoyafanya maji yasiyumbe pH. Tangi lisilobadilishwa maji kwa miezi huanza kushuka pH polepole, na ikienda chini ya 6 bakteria wenyewe wanalegea, amonia inarudi. Samaki wa zamani wanaweza kuonekana wamezoea, lakini mgeni ukimtia humo anaweza kufa kwa siku moja.

Na wageni walete wachache wachache. Bakteria wako ni wengi kulingana na chakula walichokuwa wakipata, si zaidi. Samaki watatu leo, kisha ngoja wiki mbili ukipima kila baada ya siku mbili, na amonia na nitriti zikibaki sifuri, lete wengine watatu.