Umbo la tuta la mchanga hupandisha au kushusha mto

Hapa Nairobi mchanga tunaujua ukiwa juu ya lori, umetoka Machakos au Kajiado unapelekwa mjengoni. Mimi nashughulika nao ukiwa bado chini ya maji, na ningependa wenzangu wanaosoma kina cha mito kwenye nguzo za vipimo waufikirie zaidi. Sakafu ya mto wa mchanga haikai kama saruji. Hujikunja matuta, na umbo la matuta hayo hubadilisha kina hata pale maji yanayopita ni yale yale.

Tuta la kawaida lina pande mbili zisizofanana. Upande unaoukabili mkondo umelala. Wa nyuma umesimama, pengine hadi nyuzi 30 hivi, ambapo mchanga hauwezi tena kujishikilia. Kwenye mfereji wa kioo wa maabara utaona chembe zikiviringika kupanda mgongo, zikifika kileleni zinaporomoka ng'ambo, na hivyo tuta zima linahama polepole kufuata mto. Sasa dondosha rangi nyuma ya kilele. Rangi inarudi kinyume cha mkondo! Maji yameshindwa kuufuata mteremko ule mkali, yameachana na sakafu, na chini yake yamebaki maji yanayojizungusha palepale. Mkondo hugusa sakafu tena mbele, umbali wa kama mara 4 hadi 6 ya kimo cha tuta. Baadhi ya mizunguko inayozaliwa hapo hupanda hadi juu, ukaona mabaka laini yakifura kwenye uso wa mto.

Mzunguko huo hula nguvu. Shinikizo kwenye upande unaoukabili mkondo huzidi la nyuma, mkondo unazuiwa, kasi inapungua, kina kinaongezeka. Mwaka 1952 Hans Albert Einstein, mwana wa yule mwanafizikia, na mwenzake Barbarossa waliutenga ukinzani wa chembe zenyewe na ukinzani wa umbo. Matuta yakiwa makali, wa umbo ndio huelemea.

Mteremko wa nyuma ukiwa chini ya nyuzi 10 hivi, mambo ni mengine: mkondo huteleza bila kuachana na sakafu, ila kwa vipindi vifupi tu. Mito mikubwa kama Amazon na Mississippi ina matuta mengi ya namna hii, kwa hiyo kanuni zilizotoka kwenye mifereji midogo zisipelekwe huko kichwakichwa.

Kwenye mito ya mchanga kama Tana, wakati wa masika ndipo suala hili linapouma. Maji yakipanda matuta hukua, lakini kwa kuchelewa. Maji yakianza kupungua, matuta bado ni makubwa. Alama ileile kwenye nguzo inaweza kumaanisha maji mengi mto ukijaa, na machache ukipwa. Mkondo ukizidi nguvu kabisa, matuta husawazishwa na kina hushuka. Basi jedwali la kina na ujazo, lile linalokadiria maji yanayopita kutokana na kina, lililotayarishwa wakati wa kiangazi lisirefushwe kwa rula hadi kwenye mafuriko. Pima sakafu kwa sona, kifaa kinachopima kwa mwangwi wa sauti, siku ileile unayopima kasi, mto ukijaa na ukipungua.