Usiulize tu kama safaya ni orijino, uliza imefanyiwa nini

Mimi ni fundi wa pete na vito, na wateja wakiingia hapa Kisumu kuniona swali la kwanza ni "fundi, hii safaya ni orijino?" na mimi huwajibu hilo swali halitoshi, juu muuzaji anaweza kukuambia ndio, imetoka ardhini, na hajadanganya, kumbe jiwe limejaa nyufa zilizozibwa kwa glasi ya buluu mpaka hujui unanunua jiwe ama chupa. Uliza imefanyiwa nini. Bei inaanzia hapo.

Safaya ni alumini na oksijeni, chembe kidogo za chuma na titani ndizo zinaifanya buluu. Nyingi zilizo sokoni zimechomwa kwa tanuru kali sana ili rangi ikae vizuri, na hiyo si wizi, rangi inadumu, mradi uambiwe. Za kwetu za Garba Tula kule Isiolo mara nyingi ni buluu iliyokolea hadi inakaribia weusi, pia kuna za kijani na za manjano (hizo za manjano mimi nazipenda kuliko zote lakini watu wa engejimenti wanataka buluu tu). Sasa mtu akikuletea jiwe kubwa, buluu angavu, halina doa, kwa bei ya simu ya kabambe, shtuka.

Mimi nashika lenzi ya kukuza mara 10 nageuza jiwe polepole chini ya taa. Mistari ya rangi ikiwa imenyooka na inakutana kwa pembe, hiyo ni dalili nzuri ya jiwe la asili. Ikiwa imepinda na kuna vipovu vya hewa, hiyo imetengenezwa kwa moto wa gesi, ile njia ya Mfaransa Auguste Verneuil aliyeitangaza 1902 akianza na rubi, yale mawe mekundu, safaya zikafuata miaka michache baadaye. Hata hiyo ni safaya kabisa, ngumu vilevile, lakini usilipie bei ya mgodini. Ya kujazwa glasi utaona rangi imejikusanya ndani ya nyufa, na hiyo ndiyo inanitoa jasho, juu moto wa fundi unaiharibu na hata limau linaweza kuila ile glasi, fikiria mtu anaenda Dunga kula samaki na pete kidoleni. Jiwe la pesa nyingi lidai cheti cha maabara ya vito, usione haya.

Kwa kipimo cha ugumu wa mawe cha Mohs safaya ni 9, almasi ndiyo 10, kwa hivyo vumbi la barabarani haliikwaruzi. Kinacholegea ni zile kucha za dhahabu zinazoshika jiwe. Sugua pete taratibu kwa sweta, ikinasa uzi kucha imeinuka ama imeisha. Halafu igongegonge karibu na sikio, ukisikia jiwe linacheza vua hiyo pete leo.

Pete ikififia watu hudhani rangi imetoka, kumbe ni mafuta ya samaki, losheni na unga wa ugali umegandamana nyuma ya jiwe, mwanga haupiti. Loweka kwa maji vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, ndani ya bakuli na si kwa sinki, sugua kwa mswaki laini hasa upande wa chini, suuza. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe weka mbali, klorini inaharibu dhahabu ya mchanganyiko.

Ukipeleka pete ipanuliwe mwambie fundi jiwe latoka kwanza. Asidi ya boriki tunayopaka wakati wa kuchomelea, ikiwa juu ya safaya na moto ukapita, uso wa jiwe unalika na itabidi likatwe upya, yaani uzito unapungua. Na usiitupe kwa kijaluba kimoja na lulu ama tanzanaiti, itazikwaruza zote.