Presha si ya wazee peke yao

Muuguzi akifika shuleni hapa Malindi na mashine ya presha, hakosi mzazi wa kuuliza: mtoto wa gredi ya sita na presha wapi na wapi? Wengi tumekua tukiamini ni maradhi ya watu wazima wenye mawazo mengi. Si kweli. Mtoto huweza kuwa nayo, na mara nyingi haumwi popote, kwa hivyo asipopimwa haijulikani. Kwa wadogo, chanzo mara nyingi ni figo, au mshipa mkuu utokao moyoni uliobana tangu kuzaliwa. Kwa vijana, uzito uliozidi na chumvi huchangia, na embe mbichi za chumvi na pilipili wanazipenda mno.

Kinachonisikitisha zaidi ni upimaji wa haraka haraka. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono wa mtoto, namba hupanda bure. Aliyetoka kucheza mpira lazima kwanza akae atulie dakika 3 hadi 5, mgongo umeegemea, nyayo chini. Chini ya miaka 13, kipimo hulinganishwa na umri, jinsia na urefu wake. Kuanzia 13, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2017 huhesabu 130/80 kwenda juu kuwa presha. Hata hivyo namba moja haitoshi: hupimwa siku 3 tofauti ndipo daktari aseme. Mzazi ukiletewa karatasi, tafadhali usimpe mtoto vidonge vya bibi yake. Mpeleke akapimwe tena.