Njia ya moto ni nini, na kwa nini kufyeka hakutoshi

Njia ya moto ni ukanda uliosafishwa hadi udongo mtupu kuzunguka nyumba, shamba au mizinga ya nyuki, ili moto wa porini ukifika hapo ukose cha kula. Kufyeka peke yake hakuleti njia ya moto. Nyasi zilizofyekwa zikaachwa chini hukauka, na moto hutambaa juu yake vizuri tu.

Tabora nyasi huanza kukauka Mei, mvua zikishakatika. Moto mkali zaidi ni wa Agosti hadi Oktoba, na upepo wa kiangazi hutoka zaidi kusini mashariki, kwa hiyo upande huo upe upana wa ziada. Nyasi za magotini, mita 5. Zikifika kifuani, 10. Nyumba ya nyasi au bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, lisipungukiwe na mita 10.

Fyeka, lima juujuu kwa jembe, kisha piga reki. Taka usizirundike ukingoni: rundo likishika, cheche zake zinaangukia kwako. Zipeleke kwenye mboji. Gogo linalokatiza njia likatwe na kuondolewa. Visiki vikavu ving'olewe pamoja na mizizi, kwa sababu mzizi uliokufa hubeba moto chini ya udongo taratibu, ukaibuka upande wa pili wakati watu wameshalala.

Kosa linaloponza wengi ni kusafisha mara moja. Miti ya miombo hupukutisha majani katikati ya kiangazi, na njia iliyolimwa Mei, kufika Agosti imefunikwa. Ifagie kila baada ya wiki mbili.

Kwenye milima ya Kasulu na Buhigwe huko Kigoma, moto hupanda mteremko kwa kasi, basi panua upande wa chini wa nyumba. Upande wa juu chimba mfereji wa kunasa vigogo vinavyobingirika vikiwaka. Njia isishuke wima. Mvua zitaifanya korongo.

Hakuna upana unaozuia cheche zote. Moto ukikaribia, wengine wasimame ndani ya njia na matawi mabichi na ndoo za maji, macho yao yakiwa kwenye paa, kihenge na mabua. Ukizimika, kagueni visiki vya ukingoni hadi kesho yake. Kinachofuka moshi kimwagieni maji na kukifukia.