Mayai Viza ya Mbu wa Chooni

Funua choo cha shimo kilichojaa maji hapa Ngamiani, Tanga, uchote kata moja. Utawaona viluwiluwi wamening'inia vichwa chini, ncha ya mkia ikigusa uso wa maji. Ncha hiyo ndiyo pua yao. Hao ni Culex, mbu wa matende na mabusha. Viluwiluwi wa mbu wa malaria hulala bapa juu ya maji, na chooni ni nadra kuwakuta.

Kiluwiluwi hula vijidudu vya majini. Akikuzwa maabara bila bakteria hata mmoja, kwa kawaida hudumaa. Anapogeuka kuwa mbu mwenye mabawa, bakteria wengi wa tumboni hutoka pamoja na utumbo wa zamani.

Yupo bakteria asiyebanduka: Wolbachia, aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1924, tena ndani ya Culex. Huyu amejificha ndani ya seli, hasa za ovari na korodani, na mbu jike humrithisha kwa watoto kupitia yai. Dume harithishi.

Sasa njoo kwenye uhondo. Mpangaji huyu naye ana mpangaji: virusi viitwavyo WO, vilivyojichomeka katika vinasaba vya bakteria. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa jeni zilizotoka kwa virusi hivyo ndizo zinazoharibu mayai pale dume mwenye Wolbachia anapompanda jike asiye naye. Mayai yanakuwa viza. Jike akiwa na Wolbachia wa aina ileile, yanaanguliwa kama kawaida.

Bibi mwenye choo akaniuliza, "Mwanangu, virusi hivyo havitupati sisi?" Havitupati, bibi, makazi yao ni bakteria. "Na kama mbu wetu wanavyo, mbona hawatoweki?" Swali zito hilo. Mbu wa mtaa mmoja kwa kawaida wana Wolbachia wanaopatana, kwa hiyo wanazaana tu. Mwaka 1967, katika kijiji cha Okpo, Burma (leo Myanmar), waliachiwa madume wa Culex wasiopatana na majike wa pale. Baada ya wiki chache mayai karibu yote yakawa viza. Na dume hamng'ati mtu.

"Basi leteni hao madume," akasema. Nikacheka, nikapanda ngazi kumfungia wavu kwenye bomba la hewa la choo chake.